Hodi ya Kila Asubuhi

Ognyan Valchev alikuwa na sifa moja iliyopendwa na watu kwa miaka mingi, mpaka ikamtokea puani: hakumnyang'anya mtu kitu alichokwisha kumpa. Mtaani Zdravets, mjini Ruse, majirani walimjua kama yule bwana mnene wa ghorofa ya tatu anayewatengenezea kompyuta bila malipo na kukataa hata chupa ya rakia, ile pombe yao kali ya matunda. Hawakujua, na wangejulia wapi, kwamba kazi yake hasa ilikuwa kuangalia saa za dunia nzima.

Walianza wawili, yeye na rafiki yake Kamen, wanafunzi wenye kiburi kuliko akili. Waliandika programu ndogo wakaiita Mbayuwayu. Kazi yake ilikuwa kuziambia programu nyingine ni saa ngapi, wapi. Unaweza kudhani ni jambo dogo. Nchi hii inasogeza saa mbele wakati wa machipuko, ile imeacha, ya tatu inabadili mawazo wiki ya uchaguzi, na yote hayo lazima mtu ayajue na kuyaandika. Mbayuwayu ilikuwa huria: anayeitaka aichukue, afungue tumbo lake aone, abadilishe apendavyo, na asiulizwe jina. Ikaenea. Ikaingia kwenye pampu za maji, kwenye lifti, kwenye matanuri ya mikate, kwenye makabati ya dawa ya hospitali za nchi ambazo Ognyan asingeweza kuzionyesha kwenye ramani. Waliokuwa wakiitumia hawakujua kwamba wanaitumia, kama ambavyo wewe hujui jina la fundi aliyejenga choo chako.

Katika mstari wa kwanza kabisa wa programu ile, Ognyan aliandika ahadi: kilichofanya kazi jana kitafanya kazi kesho. Alikuwa kijana, na vijana wanaahidi wakiwa wamesimama mguu mmoja.

Shida ilianzia kwenye kosa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, tunaporudisha saa nyuma, kuna saa moja ya usiku inayopita mara mbili. Wale vijana waliihesabu mara moja. Walipokuja kugundua, watu walikuwa wameshalizoea kosa na kujenga juu yake; wengine walikuwa wakiiongeza ile saa wenyewe kimyakimya. Programu iliposahihishwa, hesabu zao zikapinda upya, wakapiga kelele. Ndipo Ognyan akatengeneza milango miwili. Ukibisha mlango mpya, unapewa saa sahihi. Ukibisha mlango wa zamani, unapewa kosa lako uliloliacha, halijaguswa. Yaani kosa lilipewa chumba, kitanda na funguo zake.

Kamen hakupenda. Alisema wawape watu mwaka mmoja wahame, kisha mlango wa zamani uzibwe kwa matofali.

"Tuliahidi," Ognyan akamwambia.

"Tuliahidi tukiwa watoto, Ogi. Hata kuoa uliniahidi hutaoa."

"Mimi nikiwa hai, mlango ule hauzibwi."

Kamen akacheka, akasema basi ataweka mlinzi pale mlangoni, amjulishe siku rafiki yake atakapopata akili. Ognyan alinuna siku mbili tatu. Muda si mrefu baadaye moyo wa Kamen ulisimama kwenye ngazi za nyumba ya mama yake, hajafika hata miaka arobaini. Tangu hapo Ognyan hakutaka kusikia habari za kuuziba mlango. Kuuziba kungekuwa kumwambia Kamen kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na Kamen hayupo kusikia.

Miaka ikaenda. Kila toleo jipya la Mbayuwayu lilipaswa kuwaridhisha wa mlango mpya bila kuwaudhi wa mlango wa zamani. Ukiongeza jambo huku, lazima uweke maelezo kule. Kati ya milango ile zikaota korido, ndani ya korido vichochoro, na ndani ya vichochoro vijilango ambavyo Ognyan mwenyewe alikuwa akikutana navyo na kujiuliza ni mpumbavu gani aliyeviweka. Alikuwa ni yeye. Mkewe Svetlina alivumilia mpaka akachoka. Alimwambia mezani, bila hasira, kwamba mshindani wake angekuwa mwanamke mwingine angempiga vita, lakini programu ataifanyaje? Akaenda zake Varna kwa dada yake na hakurudi.

Halafu macho. Daktari alisema ni presha ya macho, imekwisha kula pembeni na inakuja katikati. Dawa za matone zitaichelewesha tu. Ognyan alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani alikuwa akiyasoma mabango ya maduka moja baada ya jingine, yote, hata ya vinyozi. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Hakuogopa giza lenyewe sana. Aliogopa kwamba zile korido alikuwa anazijua yeye peke yake.

Akatafuta mrithi. Kila aliyemwomba alitazama ndani ya Mbayuwayu, akashukuru kwa heshima zote, akapotea. Mmoja alisema ana mgonjwa nyumbani, na Ognyan hakumlaumu.

Vuli ile alitoa toleo jingine. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, lakini humo vichochoroni kosa la zamani likachoropoka na kuingia upande wa mlango mpya. Usiku wa kurudisha saa, katika hospitali moja ng'ambo, kabati la dawa likawaita wauguzi saa nzima baada ya wakati. Wodi iliokolewa na muuguzi mmoja asiyeziamini mashine, aliyekuwa akitazama saa ya ukutani. Hakuna aliyekufa. Lakini matusi yaliyomwangukia Ognyan wiki ile yalitoka kwa watu ambao hawakuwahi kumwandikia hata asante. Wala hayakumuuma matusi. Kilichomuuma ni kwamba alikaa mbele ya kompyuta, herufi amezikuza mpaka mstari mmoja unajaza skrini nzima, na bado kosa hakuliona.

Aliyeliona ni Zornitsa. Huyu ni binti wa Plovdiv aliyekuwa akimsaidia na Mbayuwayu kwa miaka kadhaa. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana, ila kwa simu walikuwa wakitaniana kama ndugu. Siku hiyo hakutania.

"Kaka Ognyan, nimelipata na nimelirekebisha. Ila sikiliza. Humu ndani hamna programu tena, kuna handaki. Nimeingia na tochi, nimetoka sijui niko mtaa gani. Na nina hakika nimevunja kitu kingine nikiwa njiani."

Ognyan akamwambia habari ya macho. Alikuwa hajamwambia mtu. Akamwomba aichukue Mbayuwayu.

"Nitaichukua," Zornitsa akasema. "Lakini mlango wa zamani uzibwe kwanza, na uuzibe wewe. Nikiuziba mimi watasema binti kaja jana, leo anabomoa nyumba ya mzee."

Akaongeza kwamba kuna kazi nyingine wanamwita, na wanataka jibu kabla ya mwaka mpya. Hakusema kwa kumtisha. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Ognyan angetaka kukubali pale pale. Alichoweza kusema ni kwamba bado kuna mtu.

"Mtu gani?"

"Anayebisha mlango wa zamani. Kila asubuhi."

Maana programu zilizoichukua Mbayuwayu huwa zinabisha hodi kwenye seva ya kina Ognyan kuuliza kama kuna nchi iliyobadili saa zake. Zamani mlango wa zamani ulikuwa na foleni. Foleni ikapungua, wakabaki wachache, na sasa kwa miaka mingi alikuwa amebaki mmoja. Kila asubuhi, Ognyan akimaliza kahawa ya kwanza, hodi ile inaingia. Yeye huisemesha. "Umeamka, ndugu," huiambia, kisha ndipo anaanza siku.

Zornitsa akauliza ni nani. Ognyan akasema hamjui. Akauliza kwa nini hamjui, na Ognyan akajibu kwa sababu wanaobisha huwa hawaandikwi. Hapo Zornitsa akaacha kuuliza, kwa sababu na yeye ni wa dini hiyohiyo. Watu hawa wanaogawa programu zao bure wana mwiko: anayechukua hapelelezwi. Kamen mwenyewe ndiye aliyeipanga seva isahau kila anayebisha mara tu anapojibiwa. Ni mwiko mzuri, nami siubezi, lakini angalia ulipomfikisha mtu. Alikuwa akimtumikia mgeni asiyemjua, na kwa kutomjua alikuwa amemtengenezea sura. Alimwona mzee wa kituo cha maji kijijini mahali fulani, hana fedha za mitambo mipya, hana wa kumwelekeza. Ukimfungia mlango, nani atamwambia?

Zornitsa akamwomba asubuhi moja tu: seva ishike anuani, waitazame, waifute. Ognyan akakataa. Akamwomba tena wiki iliyofuata, akakataa kwa ukali. Alikuja kukubali siku aliposhindwa kusoma maandishi ya chupa ya dawa yake mwenyewe ya macho, akabaki ameishika jikoni, hajui kama ni ya asubuhi au ya jioni.

Hodi ikaingia, seva ikaishika. Zornitsa akamsomea namba za anuani kwenye simu, taratibu, akitarajia kwamba watahangaika nazo. Hakufika mwisho. Namba zilizobaki Ognyan alizitaja yeye, kwa kichwa.

Ilikuwa ni laini ya intaneti waliyoivuta yeye na Kamen wakiwa wanafunzi, kwenye chumba cha Kamen, nyumbani kwa mama yake kando ya reli. Kompyuta ya Kamen ilikuwa bado inawaka. Ognyan akakumbuka kwamba baada ya mazishi Mama Stanka alimwambia kuwa kile chombo hatakizima, kina taa ya kijani, anaitazama kila asubuhi. Alimshika bega siku ile na kumwitikia, akidhani ni maneno ya mfiwa. Kumbe miaka yote ile mzee wa kituo cha maji hakuwepo. Alikuwa ameivunja ndoa yake, ameyamaliza macho yake na amelaza wodi nzima mikononi mwa muuguzi mmoja, kwa ajili ya marehemu.

"Kaka," Zornitsa akasema kwa upole, "huyo si mtumiaji."

"Ndiye niliye naye."

"Na wale wa hospitali, wao ni wa nani?"

Ognyan akakata simu. Akalia kwa sauti, mtu mzima, mpaka jirani wa chini akagonga bomba.

Jibu alikuwa nalo, ndiyo maana alilia. Angeuziba mlango. Lakini mlango ukizibwa, kompyuta ya Kamen haitapata tena jibu iliyolizoea, na ile taa, aliyoiona zamani ikizimika na kurudi kwa kila jibu, haitakuwa kijani. Mama mmoja kando ya reli ataamka asubuhi na kumkuta mwanawe amekufa mara ya pili. Alizunguka na jambo hilo siku nyingi. Alifika mpaka kwenye kona ya barabara ya Mama Stanka akageuka. Aliwaza hata kudanganya: aende kwa kisingizio cha kusafisha, aifunge taa iwake kijani daima. Akajionea aibu.

Zornitsa ndiye aliyepanga siku ya kutoa toleo jipya, na bila kujua akaangukia Ignazhden, sikukuu ya siku chache kabla ya Krismasi. Ni siku ya jina, ya kuwapongeza kina Ognyan wote, lakini si hilo tu. Siku hiyo mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti ndiye anayeingia na mwaka mzima: akiwa na mguu mwema, kuku watataga na nyumba itakuwa na afya; akiwa na mguu wa nuksi, utamlaani hadi Ignazhden nyingine. Enzi za Kamen, mgeni wa kwanza wa Mama Stanka alikuwa Ognyan kila mwaka. Tangu msiba hakwenda tena siku hiyo. Alikuwa akienda siku za kumbukumbu tu, na maua. Zornitsa alipojua, alitaka kusogeza tarehe. Ognyan akasema wakisogeza hataweza tena.

Asubuhi hiyo aliufuta mwenyewe ule mstari wa kwanza, ile ahadi, herufi moja moja. Akalitoa toleo. Mlango wa zamani ukazibika kwa kubonyeza kitufe, na hakuna chochote kilichotikisika popote. Akavaa koti na kutoka bila kunywa kahawa, awahi kufika kabla ya hodi. Kama taa itakufa, basi mama yule asiwe peke yake.

Ukungu wa mtoni ulikuwa umekaa barabarani, na kwa macho yake yale alikwenda karibu kwa kupapasa. Kwenye mlango wa Mama Stanka kulikuwa na karatasi ya kumbukumbu yenye picha ya Kamen. Kila mwaka alikuwa akibandika mpya. Ognyan hakuweza kuisoma. Akagonga.

"Ogi mwanangu," Mama Stanka akasema, mdogo wa umbo, amejitanda shali. "Na ndiyo siku ya jina lako. Vuka, vuka, usinisimamie kizingitini na mwaka wangu."

Akampa kijiti achochee moto jikoni na kusema maombi yanayosemwa siku hiyo. Ognyan akachochea, akaombea vifaranga vingi na mayai mengi. Mama Stanka akasema kuku hana, lakini aendelee tu. Mezani kulikuwa na mkate wa duara na pilipili kavu zilizojazwa maharage. Mara tatu Ognyan alifungua mdomo aseme alichokuja kusema, na mara tatu akasukumiwa kikombe, kijiko, kiti. Kutoka chumbani kwa Kamen ilisikika ile feni ya kompyuta ikivuma taratibu.

"Mama, kuna jambo nimefanya."

"Utaniambia. Njoo kwanza, wakati wake umefika."

Chumba kilikuwa kama kilivyoachwa. Kompyuta ilikaa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na mbele yake taa ndogo ya kijani ambayo kwa Ognyan ilikuwa doa tu. Wakasimama bega kwa bega. Taa ikazimika, kama inavyozimika kila asubuhi inapobisha hodi. Kwa kawaida hurudi mara moja. Safari hii ilikawia, kisha doa likarudi, na hata kwa macho yale Ognyan aliona kwamba ni jekundu.

Alingoja kilio. Mama Stanka akafuta mikono kwenye aproni, upande huu na upande huu, akashusha pumzi.

"Hatimaye," akasema.

Ognyan hakuelewa.

"Alinisimamisha hapa hapa, moyo wake ulipoanza kumsumbua. Akaniambia, mama, taa hii ikiwa nyekundu, mwite Ogi umlishe, halafu umwambie akalale, kazi imekwisha. Na umwambie nimeshinda mimi." Akatabasamu kidogo. "Hilo la kushinda alilirudia mara mbili, nisisahau."

"Mlinzi," Ognyan akasema.

"Ndivyo alivyoiita."

"Mbona hukuniambia, mama? Miaka yote hii."

"Alinikataza. Alisema nikikwambia mapema utakubali kwa ajili yake, na yeye alitaka ukubali kwa akili yako." Akamgeukia, akamtazama yale macho yaliyovimba. "Kila asubuhi nilikuwa naamka naikuta ya kijani, nasema, maskini Ogi, leo tena. Nilidhani nitakufa kabla hujapumzika."

Ognyan akashika ukingo wa meza. Walikuwa wameiamkia taa moja, kila mtu kwake, mmoja akiomba isibadilike na mwingine akiomba ibadilike. Nusu saa kwa miguu ndiyo iliyokuwa kati yao, na yeye aliitembea na maua tu, bila kuuliza. Akasema samahani, akairudia, bila kujua anamwomba nani.

Mama Stanka akamwambia azime sasa, maana yeye hajui pa kubonyeza. Ognyan akainama, akapapasa nyuma ya meza, akachomoa waya. Feni ikazunguka mara za mwisho, ikasimama. Chumba kikawa kimya kwa namna ambayo hakijawahi kuwa kimya tangu Kamen awe kijana. Mama Stanka akashika mkono wa koti la Ognyan.

"Ujumbe nimekwisha kuufikisha," akasema. "Na kesho nikiamka, nitaangalia nini?"

Ognyan, aliyekuwa akiwajibu watu wa dunia nzima wasiomjua, akamshika mkono wakarudi jikoni, akamkalisha karibu na moto. Kisha akaketi mbele ya zile pilipili zilizopoa na kuanza kula, kwa sababu ndivyo ilivyoagizwa.